Kabla ya kununua swichi mpya Gisenyi, badilisha moduli kwanza

Mwenye hoteli kando ya Ziwa Kivu akilalamikiwa na wageni kwamba mtandao ni mzito, kwa kawaida huchagua njia moja kati ya mbili. Ya kwanza ni kumpigia simu mtoa huduma amwongezee kifurushi. Ya pili ni kumwita muuza vifaa, ambaye huzunguka jengo, hufungua kabati la mitambo, hutikisa kichwa, kisha huandika ankara ya swichi mpya. Njia zote mbili zina mahali pake. Lakini mara nyingi hakuna hata moja inayogusa palipobana, yaani kiungo kati ya swichi na swichi: kutoka mapokezi hadi ghorofa ya pili, kutoka ofisi ya uhasibu hadi ghalani, kutoka jengo kuu hadi vyumba vya wageni vilivyo upande wa pili wa bustani. Kwenye kiungo hicho huchomekwa kifaa kidogo cha chuma chenye urefu wa sentimita tano na nusu hivi, ambacho mafundi hukiita SFP. Kazi yake ni kupokea mawimbi ya umeme kutoka kwenye swichi na kuyatoa upande wa pili yakiwa nuru, na nuru inayoingia kuigeuza tena kuwa umeme. Hoja ya makala haya ni kwamba, kwa biashara ya Gisenyi inayotaka mtandao wa kasi na wa kudumu, faranga za kwanza ziende kwenye moduli hizo na kwenye faiba inayoziunganisha. Swichi mpya ije baadaye, ikiwa kweli itahitajika.

Tuanze na yaliyokwisha kufanyika nje ya kuta. Mwaka 2009 nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika pwani ya Afrika Mashariki, na EASSy ikafuata mwaka 2010. Kabla ya hapo nchi zisizo na bahari, Rwanda miongoni mwao, zilitegemea mno satelaiti kwa bei iliyoumiza. Katika miaka hiyohiyo serikali ya Rwanda, ikishirikiana na Korea Telecom, ilitandaza mkonga wa taifa wa kilomita 2,300 hivi uliofika katika wilaya zote 30, ikiwamo Rubavu, ulimo mji wa Gisenyi. Novemba 2014 ilikuja huduma ya 4G ya KT Rwanda Networks, na mwaka 2023 Starlink ikaanza kuuza huduma nchini. Kwa hiyo uwezo wa kuingiza data mjini umekua mara nyingi katika kipindi kisichozidi miaka ishirini. Ndani ya majengo mambo hayakwenda kwa mwendo huo. Swichi ikifungwa leo na kufanya kazi, hakuna anayeikumbuka mpaka ife, na kiungo cha gigabiti 1 kwa sekunde kilichopitishwa darini enzi za ufunguzi wa jengo hubaki hapohapo hata baada ya vyumba, kamera na kompyuta kuongezeka maradufu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Swichi ya kawaida ya ofisi ina milango 24, kila mmoja wa gigabiti 1, na data yake yote hutoka kwa mlango mmoja wa gigabiti 1. Uwiano ni 24 kwa 1. Ukiweka kiungo cha gigabiti 10, uwiano unashuka hadi 2.4 kwa 1, na foleni inakaribia kwisha. Kamera 40 za usalama, kila moja ikituma megabiti 4 kwa sekunde usiku na mchana, hula megabiti 160 kabla mhasibu hajawasha kompyuta yake. Kunakili gigabaiti 500 za nakala rudufu kupitia gigabiti 1 huchukua saa moja na dakika kumi hivi, tena kama hakuna mwingine anayeutumia mtandao. Kwa gigabiti 10 kazi hiyo huisha kwa dakika saba, mradi diski ziweze kuandika kwa kasi hiyo. Anayeumia zaidi katika foleni hiyo ni yule mwenye mzigo mdogo: risiti ya EBM, mfumo wa kielektroniki wa ankara ambao wafanyabiashara waliosajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani walianza kuutumia mwaka 2013, haina uzito wowote, lakini ikikuta kiungo kimejaa picha za kamera na nakala rudufu, mteja atasimama kaunta akisubiri.

Katika mji huu kusubiri kuna gharama kubwa kuliko kwingine. Kabla ya janga la Covid-19, kivuko cha mpakani cha Petite Barrière kilipitisha makumi ya maelfu ya watu kwa siku, wengi wao wafanyabiashara wadogo wanaohesabu muda wao kwa safari za kwenda na kurudi Goma. Nyaraka za shehena zinazopita kivuko cha Grande Barrière hushughulikiwa kwa mfumo wa dirisha moja la kielektroniki. Na benki za Goma zilipofunga milango baada ya mji huo kutekwa na waasi wa M23 Januari 2025, wakazi wa huko walivuka mpaka kufuata huduma za benki upande huu. Mji wa mpakani haupati wateja wake kwa mtiririko wa kupangika. Huwapata kwa mafuriko, na kiungo kilichopimwa kwa siku ya kawaida ndicho kinachozidiwa siku watu wanapokuja kwa wingi.

Ukiichomoa moduli moja na kuiweka kiganjani, utaona mambo machache yanayoeleza mengi. Mbele ina matundu mawili ya konekta, moja la kutuma na jingine la kupokea. Pale mbele pana kishikio cha waya chenye rangi: nyeusi kwa kawaida ni ya nuru ya nanomita 850, buluu ni ya nanomita 1310. Nuru zote mbili hazionekani kwa jicho, na ndiyo sababu fundi mwenye adabu ya kazi hachungulii tunduni. Nyuma kuna ulimi wa bodi wenye mistari iliyopakwa dhahabu, unaogusana na swichi. Ndani mna leza, kigunduzi cha nuru, na chipu ya kumbukumbu inayobeba jina la mtengenezaji, namba ya kifaa, kasi yake na umbali inaoweza kufika. Umbo hilo na mpangilio wa pini zake ni makubaliano ya watengenezaji wengi kwa pamoja, si mali ya kampuni moja. Kwa kasi ya gigabiti 10, aina ziitwazo SR hutumia faiba ya njia nyingi na hufika mita 300 kwenye kebo ya daraja la OM3, au mita 400 kwenye OM4. Aina ziitwazo LR hutumia faiba ya njia moja na hufika kilomita 10. Zipo pia za kilomita 40 na 80, lakini biashara ya Gisenyi haina kazi nazo. Tena zikiwekwa kwenye umbali mfupi bila kipunguza nuru, huweza kumzidi nguvu mpokeaji wa upande wa pili na kumharibu.

Sasa jambo ambalo wauzaji wengi hawalitaji. Swichi nyingi za biashara zilizouzwa katika muongo uliopita zina milango yao 24 au 48 ya shaba, na pembeni zina matundu mawili hadi manne ya SFP+ yenye uwezo wa gigabiti 10. Matundu hayo mara nyingi hukaa miaka yote yakiwa na vifuniko vyake vya mpira, au huchomekwa moduli za gigabiti 1 kwa sababu ndizo zilizokuwa nafuu siku ya ufungaji. Mwenye swichi za namna hiyo ameshalipia kasi asiyoitumia. Anachohitaji ni moduli mbili kwa kila kiungo, moja kila upande, za aina ileile, na faiba inayozifaa. Yapo masharti ambayo hayaepukiki. Moduli ya gigabiti 10 haifanyi kazi kwenye tundu la SFP la gigabiti 1, ingawa yanafanana kwa sura, kwa hiyo karatasi ya maelezo ya swichi isomwe kabla ya kununua. SR haizungumzi na LR. Na kebo kuukuu za njia nyingi, zile za ganda la rangi ya chungwa, huangusha gigabiti 10 mapema: mita 33 tu kwenye daraja la OM1, mita 82 kwenye OM2. Anayetandaza kebo mpya leo atandaze ya njia moja, yenye ganda la manjano, hata kama umbali ni mita hamsini.

Sababu ya ushauri huo ndiyo kiini cha hoja yote. Kioo hakizeeki kwa mwendo wa vifaa. Nyaya za baharini zilizotua pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009 na 2010 zimeongezewa uwezo baadaye bila meli kurudi baharini kutandaza nyuzi mpya. Kilichobadilishwa ni mitambo ya nchani, inayotuma nuru na kuipokea. Kanuni iliyowafaa wenye nyaya za maelfu ya kilomita inamfaa mwenye mita 200 kati ya majengo mawili. Faiba ya njia moja iliyotandazwa kwa moduli za gigabiti 1 itabeba gigabiti 10 kwa kubadilisha moduli, gigabiti 25 kwa kubadilisha moduli na swichi, na 100 wakati huo ukifika. Kebo ya shaba haina urithi wa namna hiyo. Mara nyingi ongezeko kubwa la kasi limedai kebo ya daraja jipya, na kikomo cha mita 100 hakijawahi kuongezeka. Katika mji ambao chini ya sehemu kubwa ya udongo kuna mwamba wa volkano, mtaro wa kebo ni gharama nzito kuliko kebo yenyewe, na mwenye busara huuchimba mara moja.

Kuna sababu nyingine, na hii ni ya mahali petu hasa: radi. Ukanda wa mashariki mwa Kongo, ng'ambo tu ya milima inayozunguka Kivu, unaongoza Afrika kwa wingi wa radi katika vipimo vya satelaiti. Upande wa Rwanda, wilaya za Mkoa wa Magharibi kama Rutsiro na Karongi hutajwa mara kwa mara katika taarifa za maafa ya radi, na taifa zima linakumbuka Machi 2018, radi ilipoua watu 16 kanisani Nyaruguru, kusini. Radi haihitaji kulipiga jengo ili kuua swichi. Ikianguka jirani, ardhi ya jengo moja na ya jengo la pili hutofautiana kwa volti nyingi ghafla, na kebo ya shaba inayounganisha majengo hayo hugeuka njia ya umeme kusawazisha tofauti hiyo, ikipitia milango ya swichi zote mbili. Kioo hakipitishi umeme. Kiungo cha faiba huyatenga majengo kabisa, na swichi ya upande mmoja ikiungua, ya pili hubaki salama. Fundi makini ataongeza tahadhari moja: kebo ya faiba yenye waya au ganda la chuma hurudisha tatizo mlangoni isipofungwa ardhi vizuri, hivyo kati ya majengo ni bora kebo isiyo na chuma ndani yake.

Mpinzani wa kwanza wa hoja hii atasema: kifurushi changu cha intaneti ni megabiti 50, gigabiti 10 ya nini? Swali ni la haki, na jibu lake ni kwamba kifurushi hupima kinachotoka nje ya jengo, wakati sehemu kubwa ya mzigo wa biashara haitoki nje. Picha za kamera huenda kwenye mashine ya kurekodi iliyo chumba cha nyuma. Mfumo wa vyumba vya hoteli, hifadhi ya faili za zahanati, simu za ndani, televisheni za vyumbani, printa, vyote huzungumza humohumo. Kiungo cha ndani kikijaa, hata megabiti 50 hazimfikii aliyezilipia, kisha lawama humwangukia mtoa huduma. Kabla ya kubishana na yeyote, fundi afungue takwimu za mlango unaounganisha swichi mbili, aangalie wiki nzima kiasi kinachopita na vifurushi vya data vilivyotupwa. Kama mlango haufiki hata robo ya uwezo wake saa za kilele, na majengo hayaunganishwi kwa shaba, basi mwenye biashara abaki na alichonacho. Hoja ya moduli inasimama juu ya kipimo, na kipimo kikisema hapana, pesa ikae mfukoni.

Mpinzani wa pili atasema kwamba dunia imehamia kwenye mtandao usio na waya, au kwamba shaba nayo inabeba gigabiti 10. Yote ni kweli, lakini hayaondoi haja ya kiungo. Kifaa cha Wi-Fi kilicho darini kimeunganishwa na swichi kwa waya, na kadiri Wi-Fi inavyokuwa ya kisasa ndivyo inavyomimina mzigo mkubwa zaidi kwenye waya huo. Vifaa vya redio vya kurushia data kutoka paa hadi paa vinasaidia pale mtaro usipowezekana, ila vinasimama juu, mahali pa kwanza panapotafutwa na radi. Kuhusu shaba, moduli za gigabiti 10 za kebo ya shaba zipo, lakini nyingi hufika mita 30 tu, na hula umeme wa wati mbili na nusu hivi wakati ya LR hutosheka na wati moja. Ziada hiyo hugeuka joto ndani ya kabati lililofungwa, na joto ndilo linalofupisha maisha ya swichi. Ndani ya kabati moja, kati ya swichi zilizopangwa juu na chini, kuna njia ya bei nafuu kuliko zote: kebo fupi ya shaba yenye vichwa vya SFP+ pande zote mbili. Hapo hakuna haja ya nuru, na hakuna aibu kuitumia.

Pingamizi lenye uzito zaidi linahusu ubora wa moduli zenyewe. Watengenezaji wakubwa wa swichi huuza moduli zenye jina lao kwa bei ya juu sana ukilinganisha na zile za kampuni nyingine, na baadhi ya swichi husoma ile chipu ya kumbukumbu na kukataa moduli isiyo na jina linalotambulika. Mwenye biashara anajikuta katikati ya bei inayokata tamaa na soko lenye bidhaa bandia. Rahisi huwa ghali, wanasema, lakini ghali nayo haithibitishi ubora. Ukweli ni kwamba moduli nyingi hutoka katika viwanda vichache tu, na moduli ya kampuni nyingine iliyoandikiwa chipu inayolingana na swichi hufuata vipimo vilevile vya kimataifa. Hatari ipo kwa muuzaji asiyeweza kukuambia imetoka wapi. Kwa hiyo masharti yawekwe kwenye ankara: moduli ijaribiwe ndani ya swichi ya mteja kabla ya malipo ya mwisho, iwe na uwezo wa kujipima, ibadilishwe bila mabishano ikikataa, na mnunuzi asome dhamana ya swichi yake ajue inasemaje kuhusu moduli za nje. Kisha inunuliwe moja ya akiba. Moduli ya akiba iliyo kabatini hurudisha kiungo kwa dakika chache, wakati kifaa kinachoagizwa Kigali hudai siku nzima au zaidi.

Uwezo huo wa kujipima unajibu pia hofu kwamba faiba ni kitu laini kisichofaa mji wa matetemeko. Hofu haikuzuka bure: baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei 2021, mitetemeko ya siku zilizofuata ilipasua barabara na nyumba Rubavu, na hakuna kebo ya aina yoyote inayopenda ardhi inayosogea. Tofauti ni kwamba kiungo cha faiba hutoa taarifa kabla hakijafa. Moduli ya kisasa huieleza swichi joto lake, volti inayopokea, mkondo unaokwenda kwenye leza, nguvu ya nuru inayotoka na nguvu ya ile inayoingia. Moduli ya LR ya gigabiti 10 inatakiwa kutuma nuru isiyopungua desibeli 8.2 chini ya miliwati moja, na mpokeaji hutambua hadi 14.4 chini. Kati ya namba hizo kuna akiba ya desibeli sita. Mita 300 za kebo na konekta mbili safi hula kama desibeli moja tu. Fundi akiandika siku ya ufungaji kwamba nuru inayoingia ni hasi 5, kisha baada ya msimu wa mvua akakuta hasi 12, anajua kebo imekunjwa, konekta imelegea au imeingia vumbi, na atarekebisha kabla wateja hawajaona lolote. Vumbi lisidharauliwe: kiini cha faiba ya njia moja kina kipenyo cha mikromita 9, na chembe isiyoonekana kwa macho inatosha kuziba nuru. Kalamu ya kusafishia konekta ni kifaa cha lazima.

Inabaki kusema ni lini swichi mpya ni jibu sahihi. Ni pale swichi ya zamani haina tundu lolote la SFP+, haipati tena masasisho ya usalama, au haiwezi kulisha umeme kamera na simu kupitia kebo. Hata hapo, mara nyingi inatosha kununua moja ya kati, yenye matundu ya kutosha ya nuru, na kuziacha za pembeni ziendelee kwa gigabiti 1 au zihamishiwe penye kazi nyepesi. Kila swichi inayotupwa ikiwa nzima ni pesa iliyopotea na mzigo mwingine wa kupeleka kituo cha taka za kielektroniki Bugesera. Hospitali, shule na ofisi za umma zina nguvu zaidi ya kubadilisha mazoea haya kuliko hoteli moja moja, kwa sababu zabuni zao ndizo zinazowafundisha wauzaji nini kinadaiwa. Zabuni itaje faiba ya njia moja isiyo na chuma kati ya majengo, matundu ya SFP+ yanayokubali moduli za watengenezaji tofauti, vipimo vya nuru vilivyoandikwa siku ya makabidhiano, na moduli za akiba ndani ya bei. Mfanyabiashara naye anaweza kuanza kesho kwa maswali mawili kwa fundi wake: swichi zetu zina matundu gani yasiyotumika, na kiungo chetu hufika asilimia ngapi ya uwezo wake saa za kilele? Majibu ya maswali hayo ndiyo yatamwonyesha kama ankara iliyoko mezani ilipaswa kuwa ya swichi, ya moduli, au isingeandikwa kabisa.